Neno Ambalo Mounira Hakuuliza

Kila siku ya shule Mounira alivuka mto. Nyumba yao ilikuwa Alunguli, ng'ambo ya kulia ya Lualaba, na shule ilikuwa upande wa pili, kule kwenye ofisi na maduka makubwa ya mji wa Kindu. Asubuhi alishika viatu mkononi, akapanda mtumbwi wa mashine pamoja na akina mama wenye vikapu vya sombe, majani ya muhogo, akakaa na daftari la Kiingereza mapajani. Wenzake walipiga soga. Yeye alinong'ona maneno, na mtumbwi ulipogusa ng'ambo alikuwa ameyashika matano au sita.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko mwaka wa nane, na kwa Kiingereza hakuna aliyemshinda darasani. Mwalimu wao, Onema, ambaye wanafunzi wote walimwita Prof, alizoea kusema, "Haya, tumsikie Mounira." Sifa ni tamu, na utamu wake huzoeleka. Polepole Mounira akaanza kuona kwamba kuuliza ni aibu. Asipojua neno alikisia tu, na kwa kuwa mara nyingi alikisia vizuri, hakuna aliyegundua.

Baba yake alifanya kazi Kalima, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Mounira aliishi na mama yake, Halima, na bibi yake mzaa mama, Bibi Mwajuma, aliyekaanga maandazi na kuyauza mbele ya nyumba. Bibi alikuwa mtu wa mzaha na wateja wake. Lakini lilipotajwa jina moja tu, Kasimu, alinyamaza, na mzaha wa siku ile ukaisha.

Kasimu alikuwa mtoto wake wa mwisho. Mwezi wa kumi mwaka 1998 vita viliufikia mji kwa barabara ya Kalima. Watu wa Alunguli walikimbilia ukingoni ili wavuke. Bibi alikuwa na Halima wa miaka tisa na Kasimu wa miaka mitano. Mtumbwi uliokuwa unaondoka ulikuwa umejaa pomoni. Jirani yao mmoja, Germaine, alikuwa ameshakaa ndani, akanyoosha mikono.

"Mama Halima, nipe huyu mdogo nimpakate! Ninyi mutafuata na mtumbwi wa pili."

Bibi akampa. Mtumbwi wa pili haukuja. Risasi zililia, wapiga kasia wakatawanyika, na Bibi akabaki ukingoni akimwona mtoto wake anakuwa mdogo, mdogo, mpaka asionekane. Alivuka baada ya siku tatu. Germaine hakuwapo tena. Alikuwa amefuata kundi la watu waliokuwa wakikimbia kusini kandokando ya reli, na Kasimu mgongoni.

Miaka zaidi ya ishirini na mitano ikapita.

Jumamosi moja, jirani Nathalie aliingia uani mbio na simu mkononi, hata hodi hakupiga. "Mama Mwajuma, tazama! Tazama picha hii!"

Mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Kindu, Hamidou, aliyekuwa akifuata vitambaa Zambia, alikuwa ameweka picha na sauti yake katika kikundi cha Watsapu cha watu wa Kindu. Wote wakainamia simu kusikiliza. "Huyu kijana anaitwa Kasimu," sauti ilisema. "Aliletwa Zambia akiwa mutoto na mama mmoja wa kwetu, Germaine, aliyefariki kambini. Akalelewa na mwalimu mmoja wa huko. Kiswahili amesahau chote. Anakumbuka Alunguli, anakumbuka jina Mwajuma, na ana kovu la mafuta ya moto mkono wa kushoto. Mimi ninaanza safari ndefu, simu yangu itakuwa inakamata kwa shida. Anayemjua amuandikie kwa Kiingereza. Namba yake njo hii."

Bibi hakuutazama uso wa kijana. Alitafuta mkono. Akaliona kovu, akaligusa kwa kidole kwenye kioo cha simu.

"Mafuta ya maandazi," alisema. "Alikuwa na miaka mitatu. Nilimuambia asisogee." Kisha akaketi chini, palepale mchangani.

Jioni ile Mounira aliandika ujumbe wa kwanza kwa simu ya mama yake: sisi ni familia yako, mama yako yuko hai, jina lake ni Mwajuma. Maneno yalikuwa mepesi. Jibu lilikuja asubuhi, refu, na Mounira aliweza kulielewa karibu lote. Kasimu alifurahi. Alikuwa na mke na watoto wawili, na alifundisha useremala. Mwishoni aliandika hivi: "Nakumbuka mama aliniweka katika mtumbwi, yeye akabaki ukingoni. Maisha yangu yote nimekuwa na swali moja. Je, alinitafuta?"

Mounira alipomaliza kuwatafsiria, Bibi alifunika mdomo kwa upindo wa kitenge. Kisha akasema, "Andika."

"Subiri kwanza, Mama," Halima akasema. "Mounira, hii si barua ya muchezo. Kesho upeleke simu kwa Prof, akusaidie."

"Haina haja, Mama. Mimi najua."

"Una hakika?"

"Kila siku Prof ananisifu mimi. Najua!"

Basi Bibi akaeleza, macho yakiwa mbali. "Muambie nilimtafuta. Nilijitoa mwili na roho. Nilitembea kwa miguu mpaka Kibombo, nikajitoa bila kubakiza. Nikafika Tunda, nikajitoa. Vita vilipotulia kidogo nikaenda Pangi, nikajitoa tena. Hakuna kambi nisiyoulizia. Muambie hivyo."

Kidole cha Mounira kilisimama kwenye neno moja: kujitoa. "Kutafuta" alilijua, ni "look for". Lakini kujitoa? Akakumbuka orodha ya vitenzi ambayo Prof alikuwa amewaandikisha na kusema atawaeleza maana yake baadaye. Kimoja kilikuwa "give up". Mounira akafikiri: "give" ni kutoa, "up" ni juu. Kutoa mpaka juu kabisa, kutoa bila kubakiza. Basi si ndiyo kujitoa? Kitu kidogo ndani yake kilimwambia, uliza. Akakinyamazisha.

Akaandika kwa Kiingereza: "Your mother gave up looking for you. In Kibombo she gave up. In Tunda she gave up. In Pangi she gave up." Aliisoma mara mbili, akaona imependeza, akaituma.

Saa nzima ilipita kabla ya jibu. Lilikuwa fupi: asante kwa kuniambia ukweli.

Mounira alipolitafsiri, Halima alipiga vigelegele hadi Nathalie akatokea tena. Bibi alilia machozi ya furaha. Siku hiyo maandazi yaligawiwa bure kwa kila mtoto aliyepita.

Baada ya hapo, kimya.

Siku ya kwanza walisema labda ana kazi. Siku ya tatu walisema ni mtandao. Ujumbe walioutuma ulibaki na alama moja tu, yaani haukufika. Wakapiga, sauti ya mwanamke ikajibu kwa Kiingereza cha haraka ambacho Mounira hakukidaka, kisha simu ikakatika. Bibi aliifunga simu katika fundo la kitenge chake, hata akiwa jikoni, na kila alipomwona Mounira anatoka shuleni aliitoa na kumpa.

"Tazama kama iko kitu."

"Hakuna, Bibi."

"Tazama tena, mutoto wangu."

Wiki ya pili Bibi akaanza kusema pengine Kasimu anaumwa. Wiki ya tatu akaacha kukaanga maandazi. Alikaa mlangoni, sahani ya bugali ikipoa mbele yake. Halima alimbembeleza kama mtoto: "Kula kidogo, Mama." Bibi alichukua tonge moja, akalirudisha.

Mounira alitazama haya yote, moyo ukimwuma, asijue la kufanya. Aliandika ujumbe baada ya ujumbe. Ni kama kurusha mawe mtoni: yalizama, na maji yakajifunga.

Siku moja ya Jumanne, Prof Onema aliandika ubaoni vile vitenzi vya orodha ya zamani. "Leo tunaanza na hiki," alisema, akigonga chaki chini ya "give up". "Nani anaweza kukitumia katika sentensi?"

Kwa mazoea mkono wa Mounira ukapanda wa kwanza. Akasimama, akasema sentensi aliyoijua kwa moyo: "My grandmother gave up looking for her son."

"Vizuri sana! Hakuna kosa," Prof akasema. Kisha uso wake ukabadilika kidogo. "Ni sentensi ya huzuni. Kwa hiyo bibi yako aliacha kumtafuta?"

"Hapana, Prof. Hakuacha."

"Lakini umesema aliacha. Jamani, sikilizeni wote. 'To give up' ni kuacha, kukata tamaa, kushindwa na kuketi chini. Msidanganywe na hilo neno la 'give'. Vitenzi vya namna hii haviendi neno kwa neno. Mkivikata vipandevipande maana inakufa. Mkitaka kusema bibi hakukata tamaa, mtasema: 'She never gave up.' Mounira, rudia."

Mounira hakurudia. Alikuwa bado amesimama. Katika kichwa chake sentensi zake zilikuwa zinajisoma zenyewe upya. Mama yako aliacha kukutafuta. Kibombo alikata tamaa. Tunda alikata tamaa. Pangi alikata tamaa.

Na yule mtu akajibu: asante kwa kuniambia ukweli.

"Mounira, unaumwa?" Destin, aliyekaa naye dawati moja, alimvuta sketi. Akaketi. Hadi kengele ilipolia hakuandika neno lingine.

Wenzake walipotoka, alimwendea Prof mezani. Alitaka kueleza kwa mpango, lakini maneno yalitoka pamoja na kilio. Prof alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akaketi, akajifuta chaki mikononi polepole kana kwamba ilikuwa imeganda.

"Umeliandika neno hilo mara nne?" aliuliza.

"Ndiyo, Prof. Mara nne."

"Nipe namba yake."

Akapiga kwa simu yake mwenyewe. Ikajibu sauti ileile ya mwanamke. "Anasema namba hii imefungwa," Prof akasema. "Kijana amezima simu, au ametupa laini." Akaiweka simu mezani. "Kuna njia nyingine ya kumfikia?"

"Ni Hamidou tu aliyeleta habari. Naye yuko njiani, simu yake haikamati."

"Tutaandika kwa Hamidou leo hii. Lakini kwanza kuna kazi ambayo mimi siwezi kukufanyia. Nitavuka nawe. Lazima bibi yako alisikie jambo hili kutoka kwako."

Katika mtumbwi Mounira alitamani mto uwe mpana mara kumi. Haukuwa. Walimkuta Bibi mlangoni, na alipomwona mwalimu alijaribu kusimama kwa heshima.

"Karibu, mwalimu. Mutoto amefanya nini?"

Prof alimtazama Mounira. Mounira akapiga magoti mbele ya bibi yake. "Bibi, Kasimu haumwi. Mimi ndiye niliyemfukuza. Sikulijua neno, nikajifanya nalijua. Nilimwandikia kwamba uliacha kumtafuta."

Halima alikuwa anasonga bugali. Akaja na mwiko mkononi. "Unasema nini? Nilikuambia uende kwa mwalimu! Nilikuambia!" Akainua mkono. Bibi akaudaka.

"Muache."

"Mama, lakini..."

"Muache, Halima." Bibi alimtazama Mounira, na macho yake hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo. "Kwa hiyo mutoto wangu aliuliza kama nilimtafuta," alisema taratibu, "na mimi nikamjibu nilichoka."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakutoka mpaka asubuhi.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu kosa lilijulikana na dawa yake pia ilijulikana, ila hakuna aliyeweza kuifikisha. Prof aliandika barua ya Kiingereza safi, akamwonyesha Mounira kila neno. Wakaituma kwa Hamidou pamoja na maelezo ya Kiswahili. Alama moja. Nathalie aliomba msaada katika kikundi: yeyote atakayeonana na Hamidou amwambie afungue simu. Mtu mmoja alisema alimwona Lubumbashi. Mwingine alisema ameshapanda treni, na treni hiyo imekwama porini kwa kuharibika. Halima alikwenda stesheni kuuliza, akarudi ameinamisha kichwa. Hakuna aliyejua treni ingefika lini.

Mounira alipika, akafua, akachota maji, akamkanda Bibi miguu. Bibi alimwacha afanye. Hakumkemea wala hakumtania, na Mounira alikosa hata lile neno dogo la "mutoto wangu". Huko mbali mtu mzima mwenye watoto wawili alikuwa anaamini kwamba mama yake alimsahau, na hakuna lolote ambalo wao Alunguli wangeweza kufanya isipokuwa kungoja.

Siku ya kumi na tano alama zikawa mbili.

Hamidou alipiga dakika chache baadaye. Sauti yake ilikuja na kuondoka. "Nimefika Kongolo. Nimesoma yote. Pole sana, Mama Mwajuma! Namba ya Kasimu haipatikani, lakini niko na namba ya yule mwalimu aliyemlea. Nitamtumia barua sasa hivi, amusomee."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi ilipita. Ijumaa baada ya swala ya mchana, simu ililia ndani ya fundo la kitenge, namba ngeni. Bibi alilivuta fundo, likazidi kukaza. Halima akalifungua, akampa Mounira.

Kwenye kioo alionekana mwanamume mwenye ndevu fupi, amekaa karibu na meza ya seremala. Yeye na Bibi walitazamana. Kisha Kasimu akafikicha macho kwa mkono wa kushoto, kovu likaonekana, na Bibi akaanza kulia kwa sauti, "Kasimu wangu, Kasimu, Kasimu."

Kasimu alipoanza kuzungumza, Mounira alitafsiri polepole, akipima kila neno. Alisema barua ya Prof ilimkuta akiwa ameapa kutolitaja tena jina la Kindu. Alisema aliisoma mwenyewe mara nne. Kisha akasema sentensi ambayo ndani yake kulikuwa na "put up with". Mounira alilijua "put", alilijua "up", alilijua "with". Tayari ulimi wake ulikuwa unatafuta jambo la kusema. Akausimamisha.

"Bibi, neno hili silijui," alisema. "Ngoja nimwulize."

Akamwuliza Kasimu mwenyewe, kwa Kiingereza cha kawaida, maana yake ni nini. Kasimu hakucheka. Alieleza kwa maneno mepesi, mara moja, na mara ya pili. Mounira akageuka. "Anasema ule ujumbe wangu alishindwa kuuvumilia. Ndiyo maana alitupa laini. Anaomba umsamehe."

"Yeye aniombe musamaha? Mimi?" Bibi akaisogelea simu mpaka uso wake ukajaza kioo. "Muambie, Mounira. Muambie vizuri. Sikuacha hata siku moja."

Mounira akamgeukia Kasimu. "She never gave up," alisema. "Not one day. The mistake was mine. I did not know the word and I did not ask. I am sorry, Uncle." Yaani Bibi hakukata tamaa hata siku moja, kosa lilikuwa lake yeye, hakulijua neno na hakuuliza, na anaomba radhi.

Kasimu aliinamisha kichwa juu ya meza yake, mabega yakitikisika. Upande wa pili mtoto mdogo alikuja kumshika mkono baba yake. Alikuwa na umri wa miaka mitano hivi, na Bibi alipomwona akaugusa uso wake kwa kidole kwenye kioo cha simu.

Waliongea mpaka chaji ya simu ikakaribia kuisha. Kasimu aliahidi kuja akipata karatasi za safari, labda kiangazi, labda mwakani. Safari ni ndefu na yeye si tajiri. Hakuna aliyemlazimisha ataje siku.

Simu ilipokatika, Halima alimwita Mounira aketi kati yao. Bibi akamshika kidevu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Sikiliza, mutoto wangu. Nilipomtafuta Kasimu sikuijua njia ya Tunda. Sikuijua njia ya Pangi. Niliuliza kila muntu: watoto, askari, hata machizi wa barabarani. Wengine walinicheka. Kama ningeona haya kuuliza, ningepotea porini siku ya kwanza. Wewe mwalimu wako iko hatua kumi toka dawati lako. Kutojua hakukuleta kosa hili, Mounira. Kosa lilikuja pale uliposema unajua na hujui. Muntu akikuamini akakupa maneno yake umbebee, umemubeba yeye mwenyewe. Ukifika pahali pa giza, simama, uliza. Usimuangushe."

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu Kasimu alipofungua kinywa." Bibi alipangusa uso kwa kitenge, akavuta pumzi ndefu, akamrudishia simu. "Sasa nenda kwa Nathalie uichaji. Halafu tumupigie tena. Tumesema mambo mengi, na hata sikumuuliza kama amekula."